Haki ya Mashujaa wa Zanzibar

Mwezi wa Disemba 2017, timu ya Zanzibar, ambayo ni wachache walioitia maanani ilipokwenda Kenya kushindania Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, iliilaza Tanzania Bara mabao 2-1, ikaitoa Uganda, bingwa mtetezi, katika nusu fainali kwa idadi hiyo hiyo, na hatimaye ikasimama Machakos mbele ya wenyeji kulitafuta taji ambalo visiwa vyetu vililitwaa mara moja tu, mwaka 1995. Mara mbili Kenya ilitangulia, na mara mbili Khamis Mussa akasawazisha, bao la kwanza likipatikana ilhali dakika zinayoyoma. Ndipo ikaja mikwaju ya penalti, tukashindwa 3-2.

Kushindwa huko si aibu hata chembe. Linaloniuma ni kwamba mwaka huo huo Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilitupa uanachama mwezi Machi na kutuvua mwezi Julai, hata leo kijana anayeufukuza mpira Mnazi Mmoja kila alasiri, peku, mpaka adhana ya magharibi, hana njia ya kufika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina la Zanzibar. Aghalabu Chalenji ndiyo fursa yake, nayo kuna miaka haichezwi kabisa.

Basi serikali na wakuu wetu wa soka wasingoje hisani ya CAF: waipatie timu hii mechi za kirafiki kila mwaka pale Amaan, na sisi wananchi tuende tukaijazie uwanja.