Nionyeshe kioo, hiyo i7 baki nayo

Kijana wa duka pale Kariakoo hakuniuliza nataka kompyuta ya kazi gani. Aliigeuza laptopu upande wangu, akaweka kidole juu ya kile kibandiko kidogo cha Intel, akasema, "Mama, hii i7." Kisha akanyamaza, kama mtu aliyekwisha kuuza.

Nikamwomba aiwashe. Nikatoa flashi mkobani, nikafungua picha moja tu, nikarudi nyuma hatua mbili. Akanitazama mimi, akaitazama picha. "Hawa ni kina nani?"

Ni shangazi yangu na mumewe, wamesimama mlangoni kwao Ngamiani, Tanga, saa nne za asubuhi. Shangazi kavaa buibui jeusi tii. Mumewe kavaa kanzu nyeupe pe, yenye tarizi ya uzi mweupe shingoni. Si picha ya kushindania tuzo, ila naijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Chini ya mkono wa kushoto wa shangazi kuna mikunjo mitatu, na ile tarizi inashuka hadi kifuani ikaishia kwa kishada. Kompyuta ikinionyesha buibui kama shimo na kanzu kama shuka, habari za i7 sina haja nazo. Ile ya kijana haikunionyesha hata mkunjo mmoja. Nikashukuru, nikachomoa flashi yangu, nikaenda duka la pili.

Napiga picha za harusi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ya ndani: usiku wa hina, sherehe za akina mama, pale ambapo mpiga picha mwanamume haingii. Msimu wa harusi ukikaribia simu hazikatiki. Wanaopiga ni vijana waliomaliza fedha zote kwenye kamera, sasa wana laki sita au saba za kompyuta ya kuhariria picha, na karibu wote wameshaambiwa watafute i7. Ushauri huo unakula fedha za watu. Mimi umenila.

Mwaka 2016 nilinunua laptopu ya mtumba kwa laki tisa, kwa sababu ya kibandiko hichohicho. Kioo chake kilikuwa cha aina ya TN, na rangi zake zilielemea buluu, jambo ambalo sikulijua kwa kuwa sikuwa na kingine cha kulinganisha. Nikahariri harusi nzima. Kila nikitazama uso wa bibi harusi naona umepauka, umepoa, nami naongeza umanjano kidogo, halafu kidogo tena, hadi ukapendeza machoni pangu. Nikapeleka kazi Dar kusafishwa, albamu ya kurasa 40. Iliporudi, mama wa bibi harusi alifungua ukurasa wa kwanza, akakaa kimya, kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, singo tulimsugua tukamwosha. Mbona bado ana manjano?"

Nilichapisha albamu upya kwa fedha zangu. Duka la kusafisha halikuwa na kosa, lilichapa nilichowapelekea. Mimi ndiye niliyekuwa nikitibu ugonjwa wa kioo kwa kumpaka dawa bibi harusi.

Ndiyo maana naanza na kioo. Ukiwa dukani fungua picha, kisha inamisha kioo mbele na nyuma taratibu, au wewe mwenyewe uiname na kuinuka. Kwenye TN, weusi utageuka kijivu na nyuso zitabadilika rangi jinsi unavyosogea, kwa hiyo hata ukikaa vibaya kwenye kiti unahariri picha nyingine. Kioo cha aina ya IPS hutulia. Lakini IPS nazo haziko sawa. Laptopu nyingi za ofisini zina IPS za bei rahisi zinazoonyesha karibu theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kipimo kilichowekwa mwaka 1996 ambacho hadi leo ndicho kinachotegemewa na maduka mengi ya kusafisha picha. Katika vioo hivyo wekundu wa leso hufifia, na hina mbichi na hina ya juzi huonekana kitu kimoja. Anayepiga picha za pwani asiyeweza kutofautisha hina mbili hizo, sijui anahariri nini.

Mimi nilitatua kwa kununua kioo cha mezani pembeni. Ni Dell UltraSharp U2412M ya mtumba, inchi 24, IPS, kwa laki mbili na nusu. Ni ya zamani na nzito, tena haina tundu la HDMI, ikabidi nitafute waya wenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili. Lakini iliponionyesha mikunjo mitatu ya shangazi nilicheka peke yangu dukani. Baadaye tulichanga watu watatu tukanunua kile kidude cha kupimia rangi, kinachowekwa juu ya kioo na kukirekebisha. Kinazunguka kwa zamu kama mchezo wa fedha wa akina mama, na kila mmoja hukitumia mara moja kwa mwezi. Sioni sababu ya mtu mmoja kukinunua peke yake.

Sasa niseme juu ya hiyo i7, wasije wakadhani nakimbia. Jina i7 peke yake halina maana. Tazama tarakimu zinazofuata. Laptopu yenye i7-6600U ni ya kizazi cha sita, cha mwaka 2015, na ndani yake mna viini viwili tu vya kufanya kazi. Yenye i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. Ukitoa picha 600 za harusi kwenda kwenye JPEG, hiyo i5 unayodharau inamwacha mwenye i7 njiani. Kuna na jambo la pili. Microsoft walikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel wanaitaka mashine ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za nje zinazoacha mashine za kizazi cha sita na cha saba lazima zizipeleke mahali. Ukiona i7 bei imeshuka ghafla, jiulize kwa nini mwenyewe aliiacha.

Mimi natumia ThinkPad T480. Nililipa laki saba. Kioo chake si kizuri hata kidogo, ila nilijua kwamba nyumbani kuna kile cha mezani. Niliipendea tumbo: ina nafasi mbili za RAM, nikaanza na GB 8, na harusi mbili baadaye nikafikisha 16. Baadhi ya laptopu nyembamba za kupendeza, X1 Carbon ikiwa mojawapo, RAM yake imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ulichonunua siku hiyo ndicho utakachozikwa nacho. MacBook Air ya M1 nayo ni hivyohivyo, ingawa kwa haki niseme kioo chake ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kumiliki. Aliyeipata ya GB 16 kwa bei ya ndugu asiniulize, achukue. Wengi wanazoziona ni za GB 8.

Diski iwe SSD, hapo sina mjadala. Na kompyuta ya mezani ni rahisi zaidi, kweli, ila umeme ukikatika picha ikiwa katikati ya kuhifadhiwa ndipo utakapojua thamani ya betri.

Kwa mwenye mashine dhaifu ambaye hana hata senti ya kuongeza, upo ujanja ambao wengi hawaujui. Tangu mwaka 2013 Lightroom inaweza kutengeneza nakala ndogo za picha zako, ziitwazo Smart Previews, zenye pikseli 2560 upande mrefu. Unaiamuru ihariri kwa nakala hizo badala ya faili kubwa za kamera. Unaiacha izitengeneze usiku ukiwa umelala, asubuhi mashine iliyokuwa ikikohoa inatembea. Na kama huwezi kulipa kodi ya Lightroom kila mwezi, jifunze Darktable, ni ya bure. Ina ukaidi wake, nilinung'unika wiki mbili. Ila usiweke zile programu zilizovunjwa kufuli zinazogawiwa kwenye flashi. Nitasema kwa nini, na hapa naomba mabinti wanaoingia katika kazi hii wanisikilize kuliko wengine.

Picha zangu nyingi si za kuonwa na mtu. Wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, wanacheza, kwa sababu wameniamini mimi na kamera yangu. Harusi moja ni picha 1,800 hivi, na kwa faili za kamera ya megapikseli 24 ni karibu GB 50. Zinakaa wapi? Programu ya wizi humjui aliyeivunja wala alichokiacha ndani yake. Fundi wa mtaani ukimwachia mashine siku mbili, humjui anayekaa naye. Hata ukifuta picha kisha ukaiuza laptopu, kufuta peke yake hakuziondoi kwenye diski, na mwenye programu ya kufufua anaweza kuzirudisha.

Kwa hiyo katika bajeti yangu fedha ya diski mbili za nje huitoa kabla ya fedha ya kompyuta yenyewe. Moja inakaa kwangu, nyingine kabatini kwa mama yangu chini ya vitenge vyake, na zote nimezifunga kwa BitLocker, iliyomo ndani ya Windows Pro ambayo laptopu nyingi za ofisini huja nayo. Mashine ikienda kwa fundi inakwenda bila SSD yake. Mafundi hukasirika. Mmoja aliniuliza kama nafanya kazi usalama wa taifa. Nikamwambia nafanya kazi jikoni kwa watu.

Wiki iliyopita binti ninayemfundisha kazi alikwenda Dar na laki saba zake kutafuta mashine. Nilimpa flashi yenye picha ya shangazi, nikamkataza kusoma kibandiko chochote. Alipiga simu mchana, nyuma yake nasikia mtu akimshawishi.

"Shangazi, hii wananiambia ni i7 na wananipunguzia."

"Mikunjo mingapi?"

Akakaa kimya kidogo. "Sioni mkunjo. Na kanzu inaonekana kama shuka."

"Basi aga vizuri, utoke."

Aliponipigia tena ilikuwa baada ya alasiri, yuko duka la tano, miguu inamuuma. Alikuwa ameona miwili.