Zimeni, Lakini Hamisheni Watu Kwanza

Mwaka jana nilipata kazi ambayo bado sijui nitawaelezaje majirani zangu hapa Wenje. Kampuni moja ya ng'ambo, jina tuliache, ilitaka mtu wa kuwaandikia wateja wake tangazo: toleo fulani la Kubernetes linafika mwisho, hameni kabla ya tarehe hii. Maneno 300. Nikalipwa, nikanunua unga na bando, maisha yakaendelea.

Niliacha chuo mwaka wa pili, tena kozi yenyewe ilikuwa ya kompyuta, kwa hivyo usinitarajie uprofesa. Lakini ili kuandika hayo maneno 300 ilibidi nisome kurasa na kurasa kuhusu jinsi programu inavyostaafishwa kwa utaratibu. Nilipomaliza nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwahusu hao wazungu wa programu hata kidogo. Ilihusu Kenya.

Ngoja kwanza nieleze kitu chenyewe. Programu kubwa unazotumia kwenye simu haziishi ndani ya kompyuta moja. Zinafungwa ndani ya makontena, vifurushi vidogo vyenye kila kitu kinachohitajika, halafu hivyo vifurushi vinagawanywa kwa kundi la seva, yaani klasta. Kubernetes ndiyo inayoamua kontena lipi likae wapi, lililokufa lifufuliwe, na watu wakijaa yaongezwe mengine. Google waliitangaza mwaka 2014, toleo la 1.0 likatoka Julai 2015. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Sisi watu wa Pwani wangetuuliza tungewapa jina zuri zaidi.

Sasa, matoleo mapya hutoka matatu kwa mwaka, na kila toleo huhudumiwa kama miezi 14 tu. Baada ya hapo hakuna viraka. Ukibaki nyuma huwezi kuruka ngazi: kutoka 1.28 unapita 1.29 ndipo ufike 1.30. Wasee wa teknolojia Nairobi huichukia hii ratiba. Watakwambia kitu kinachofanya kazi usikiguse. Watakwambia startapu ndogo haina muda wa kufukuzana na matoleo.

Mimi siko upande wao. Kitu cha zamani lazima kife. Desemba 2018 lilipatikana shimo ndani ya Kubernetes ambalo lingemwezesha mtu kujifanya bwana wa klasta nzima. Ukali wake ulipewa alama 9.8 kwa 10. Viraka vilitoka kwa 1.10, 1.11 na 1.12. Aliyekuwa amekaa kitako kwenye 1.9 aliambiwa ahame, kwisha. Na leo ukitaka kung'ang'ania toleo lililozeeka kule Amazon, wanakuruhusu mwaka mmoja wa ziada, lakini bei ya klasta inatoka senti 10 za dola kwa saa hadi senti 60. Mara sita! Kwa mwezi ni kama dola 438, zaidi ya shilingi 50,000, na hapo hujahesabu seva zenyewe. Kung'ang'ania ukale kuna bili yake. Mtu ailipe aone.

Kilichonikera ni namna wanavyozima. Seva ikitaka kuondolewa, haichomolewi tu. Kwanza inawekewa alama kwamba isipokee kazi mpya. Halafu kazi zilizomo zinahamishwa kwenda seva nyingine, na hapo ndipo kuna kipengele nilichokisoma mara tatu: mwenye programu anaweza kuandika mapema kwamba kati ya nakala zake tatu, mbili lazima zibaki hai muda wote. Mfumo unatii. Kama kuhamisha moja zaidi kutavunja hiyo ahadi, shughuli ya kuhamisha inasubiri hadi nakala nyingine isimame. Nazungumzia makontena, jamani. Vitu ambavyo havina figo.

Tarehe 1 Oktoba 2024 nchi hii ilizima NHIF na kuwasha SHA. Mtu aliyekuwa akilipa shilingi 500 kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, aliambiwa aanze upya: piga *147#, jisajili, kama huna mshahara ujibu maswali kuhusu nyumba na mali yako, halafu ulipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Wiki hiyo ya kwanza habari zilijaa wagonjwa wa figo na saratani waliofika hospitali wakaambiwa watoe pesa taslimu, kwa sababu kadi ya zamani imekufa na mfumo mpya haujasimama. Mtu wa figo anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hana muda wa kusubiri mfumo usimame.

Najua utetezi. Kulikuwa na kesi. Ni kweli: sheria ilitiwa saini Oktoba 2023, ikasimamishwa, ikarudishwa, Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee. Tarehe yenyewe ilisogezwa kutoka Julai hadi Oktoba. Lakini hebu fikiria maana yake. Hiyo ilikuwa miezi mitatu ya ziada ya kuhamisha majina ya wanachama ambayo serikali tayari ilikuwa nayo, kuwapa wagonjwa wa kudumu njia yao, na kuacha NHIF ikipumua hadi wa mwisho avuke. Waliokuwa ndani ya mfumo wa zamani hawakuhamishwa. Waliambiwa wajihamishe.

Na kujihamisha ukiwa Wenje ni shughuli. Hapa tuko kati ya Hola na Garsen, ukingoni mwa Mto Tana, na mtandao una tabia zake. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto ulifurika, barabara ikakatika. Tana ni mto unaohama. Kuna mahali ulipita zamani ambapo leo ni dimbwi la samaki, na hakuna Mpokomo anayebishana nao. Maji yakija kijiji kinahama. Lakini kinahama kwa mpangilio: bibi na watoto wanatangulia kwa mtumbwi, kisha mbuzi, kisha mahindi, mwishowe mabati. Sijawahi kuona mtu aking'oa mabati bibi akiwa bado amelala ndani.

Sitaki kuwafanya watu wa Kubernetes malaika. Novemba 2025 walitangaza kwamba Ingress NGINX, kifaa cha kupokea wageni wanaoingia klasta, kinachotumiwa na watu wengi mno, kitaachwa Machi 2026. Miezi minne tu! Sababu yenyewe inasikitisha: kwa miaka kilikuwa kikitunzwa na mtu mmoja au wawili, baada ya saa za kazi na wikendi. Dunia nzima imeegemea jioni za watu wawili. Lakini hata hapo walisema ukweli wote hadharani: nani alikuwa anatunza, kwa nini ameshindwa, lini mwisho, uhamie wapi. Nionyeshe tangazo moja la wizara yoyote Kenya lenye hayo manne.

Wewe unayeandika kodi pale Nairobi, unayenung'unika kila Kubernetes inapostaafisha toleo, ni wewe huyo huyo utakayepewa tenda ya mfumo ujao wa serikali. Utaratibu unaujua. Unautekeleza kila baada ya miezi minne kwa apu ya kuuza chakula, na ukikosea unapigiwa simu saa tisa usiku. Kwa nini ukikaa mezani na wizara unakubali tarehe ya kuzima bila ukurasa mmoja unaosema waliomo watavukaje? Usiniambie ni siasa. Kipengele cha nakala mbili kubaki hai kiliandikwa na injinia, si mbunge.

Tena kuna jambo linalofuata. Mapema mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilionyesha kwamba mfumo wa SHA, wa takriban shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Umiliki wake uko kwa kampuni zilizoujenga. Siku moja nao utazeeka, kama kila toleo. Siku hiyo ikifika, nani atakuwa ameshika swichi, na rekodi za wagonjwa wa Wenje zitahamishwa na nani, kwa bei ya nani? Mkataba upo. Nataka kuuona ukurasa huo.