Andika Ujuzi wa Upinde

Ukimwuliza kijana wa kijijini leo kama anajua kuchonga upinde, huenda akacheka. Atakuambia kwamba upinde ni mambo ya zamani, na kwamba yeye amesoma. Mimi nasema kijana huyo anakosea. Kuchonga upinde ni elimu. Tena ni elimu inayoweza kutupotea, kwa sababu wengi wanaoijua ni wazee, na katika vijiji vingi haijaandikwa.

Itazame kazi yenyewe. Mchongaji huenda porini kutafuta mti wa asili ulio mgumu na unaopindika bila kuvunjika. Mkole ni mmoja wa miti hiyo. Huchagua tawi lililonyooka, lisilo na vifundo wala matundu ya wadudu. Urefu wake hukaribia kimo cha mtu.

Akifika nyumbani humenya maganda. Kisha huuweka mti kivulini ukauke polepole. Akiuanika juani, utapasuka. Ukiisha kukauka, huanza kuuchonga kwa panga na kisu. Katikati, mahali pa kushika, huacha unene. Kuelekea ncha mbili hupunguza kidogo kidogo. Upande wa nje, unaoelekea shabaha, hauchongi sana, maana ndio unaovutwa upinde ukikunjwa. Nyuzi za mti zikikatwa upande huo, upinde utavunjika. Kisu hufanya kazi zaidi upande wa ndani, unaomwelekea mpigaji.

Palipopinda vibaya, hupasha moto na kunyoosha. Kila baada ya kuchonga kidogo, huukunja na kuutazama. Je, mikono yote miwili ya upinde inapinda sawasawa? Mkono mmoja ukiwa mgumu, hupunguza huo mgumu. Hagusi ule uliolegea. Mwisho huufunga upote, yaani kamba ya upinde, uliosokotwa kwa mishipa ya mnyama. Akimaliza kuutumia huulegeza upote, ili mti usizoee kupinda ukapoteza nguvu.

Ndugu msomaji, hesabu mambo ambayo fundi huyu anayajua. Anajua miti, anajua kupima, anajua moto, tena ana subira. Ujuzi huo huo ndio unaotupatia mpini wa jembe usiopasuka na mpini wa shoka usioteguka. Asiyejua miti hununua mpini leo, na mwezi ujao ananunua mwingine.

Wako watakaosema, "Upinde wa nini, na kuwinda kumekatazwa?" Ni kweli. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, nami simwambii mtu avunje sheria. Lakini upinde haukuwa wa kuwinda tu. Mwaka 1982, wananchi wa sehemu za Kahama na Shinyanga walipochoka kuibiwa ng'ombe, waliunda sungusungu. Walilinda vijiji vyao kwa pinde na mishale. Na mpaka leo, karibu na Ziwa Eyasi, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali mtoto sana. Akikomaa hutumia upinde ambao kuuvuta ni kama kuinua mzigo wa kilo 30 hivi. Watu hawa hawakupewa nguvu hiyo na kiwanda. Wameipata katika mti na katika mafundisho ya wazee wao.

Basi, tufanye nini? Nina mawazo mawili.

La kwanza ni mti wenyewe. Mzee hawezi kumfundisha kijana juu ya mti ambao haupo tena. Huko Shinyanga mapori mengi yalifyekwa zamani, ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Miti ya asili ikapungua sana. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wananchi walihimizwa kurudia desturi yao ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi na miti viote. Visiki vikachipua tena. Nasi tujifunze hapo. Mkole nao ukikatwa huchipua, mradi mbuzi wasiachiwe kula machipukizi. Kwa hiyo anayehitaji upinde akate tawi moja na kuacha shina. Mkole ni chakula cha nyuki, matunda yake huliwa na watoto, na majani yake ni malisho. Kuung'oa wote kwa ajili ya kuni za siku mbili ni hasara.

La pili ni kalamu yako. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika umepata chombo ambacho mzee hakupata. Usikitumie kumdharau. Chukua daftari, umwendee, umsalimu, umwombe akufundishe. Andika jina la mti kwa lugha ya kwenu na kwa Kiswahili. Andika unaota wapi, hukatwa majira gani, hukaushwa siku ngapi. Chora umbo la upinde. Kisha shika kisu uchonge mbele yake, akusahihishe, maana maandishi peke yake hayamfanyi mtu kuwa fundi. Habari za sumu ya mishale usiziandike katika daftari ambalo watoto watasoma. Sumu hiyo huua hata mtu.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Wazee wetu bado wapo, lakini hawatakuwapo siku zote. Mzee akifa kabla ya kuulizwa, darasa zima limefungwa, na hakuna mwalimu atakayekuja kulifungua. Kijiji chenye watu wanaojua kuandika hakina sababu ya kukubali hasara hiyo.

Mazungumzo ya darasani

1. Katika kijiji chetu, nani anajua kuchonga upinde? Nani amewahi kumwuliza?
2. Ni miti gani ya asili tuliyoijua utotoni ambayo sasa haionekani?
3. Nani kati yetu ataanza kuandika, na lini?