Hadithi ya Wahiksosi Ilitungwa Thebes

Kwa wengi waliosoma habari za Misri ya kale, Wahiksosi ni kundi la washenzi kutoka Asia lililoivamia nchi ghafla, likachoma miji na kubomoa mahekalu, mpaka mashujaa wa mji wa Thebes walipoinuka na kuwatimua. Hadithi tamu, na vitabu haviachi kuirudia. Ushahidi wake ndio haba.

Msimulizi wake mkuu ni Manetho, kuhani wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K., zaidi ya miaka 1,200 baada ya Wahiksosi kuondoka. Kitabu chake kilipotea. Maelezo hayo tunayapata kwa Josephus, Myahudi wa karne ya 1 B.K., ambaye naye alikuwa na lake: aliwahesabu Wahiksosi kuwa mababu wa taifa lake.

Ardhi inasimulia mengine. Mji wao mkuu, Avaris, ulikuwa mashariki mwa Delta ya Nile, mahali panapoitwa leo Tell el-Dab'a. Manfred Bietak na wenzake kutoka Austria walianza kuchimba hapo mwaka 1966, wakagundua kwamba watu wa kutoka Kanaani na Syria walikwisha kufanya maskani tangu enzi ya nasaba ya 12, vizazi kadhaa kabla ya Wahiksosi kushika utawala karibu mwaka 1650 K.K. Utafiti wa meno ya watu 75 waliozikwa Avaris, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa wageni walijaa mjini hata kabla ya utawala huo, na wengi wao wanawake. Jeshi gani la uvamizi hutanguliza wanawake, likangoja vizazi ndipo lipigane?

Anayemtafuta mchoma miji asome maandishi ya Kamose, mfalme wa Thebes. Alilalamika kwamba amebanwa kati ya Mwasia wa Avaris na Mnubi wa Kush, kila mmoja na kipande chake cha Misri. Washauri wake hawakuona haja ya vita: ng'ombe wao walilisha Delta bila bughudha, na nafaka ya nguruwe wao ilitoka huko huko. Kamose hakuwasikiliza. Anasimulia kwa fahari alivyouangamiza mji wa Nefrusi, uliokuwa chini ya Teti mwana wa Pepi, mtu mwenye jina la Kimisri kabisa. Kisha anajigamba kuteketeza miji mingine kwa kosa la kuwatumikia Waasia. Kosa analowabebesha Manetho Wahiksosi, Kamose analikiri mwenyewe, tena kwenye jiwe.

Simaanishi kwamba Wahiksosi walikuwa malaika. Maiti ya Seqenenre Tao, aliyemtangulia Kamose, ina majeraha ya shoka kichwani, na vita havina adabu upande wowote. Lakini hawakuja kuua ustaarabu. Mafunjo ya hisabati ya Rhind, yaliyopo leo kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, yalinakiliwa katika mwaka wa 33 wa Apepi, mfalme wa Kihiksosi. Magari ya vita ya kukokotwa na farasi, ambayo mafarao wa baadaye walichorwa wakiyaendesha kwa majivuno, yaliingia Misri kutoka Asia katika zama hizo hizo.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Farao Hatshepsut, aliyetawala miongo kadhaa baada ya Avaris kuanguka, bado alijitapa kwamba anajenga upya yaliyobomolewa na Waasia. Ukoo wake, nasaba ya 18, ulikuwa na sababu ya kuikuza hadithi hiyo. Ahmose, mrithi wa Kamose na mwanzilishi wa nasaba hiyo ya 18, alipoitwaa Avaris hakuishia mpakani. Aliuzingira mji wa Sharuhen huko Kanaani, akaishambulia Nubia, na nyumbani akalazimika kuuzima uasi wa mtu aitwaye Tetian. Simulizi ya wavamizi ilihalalisha yote hayo: kuvuka mipaka kukaitwa kujihami, na aliyempinga mfalme akaonekana adui wa Misri.

Vile vilikuwa vita vya nasaba zilizogombea nchi moja, na Wamisri walipigana wakiwa pande zote mbili. Kuviita ukombozi wa taifa ni kuendelea kumfanyia Kamose kazi ya uenezi baada ya miaka 3,500, na bila malipo.