Simiyu inataka timu Ligi Kuu, lakini ianze na kalenda ya pamba

Ligi ya Championship msimu wa 2024/25 imefunga hesabu zake. Mtibwa Sugar imebeba ubingwa, Mbeya City imeshika nafasi ya pili, na zote mbili zimerudi Ligi Kuu. Kanda ya Ziwa imebaki na maumivu. Stand United ya Shinyanga, Chama la Wana, ilimaliza ya tatu, ikaitoa Geita Gold kwenye mchujo, halafu ikakwama kwa Fountain Gate ikiwa imebakiza mlango mmoja tu.

Shabiki wa Bariadi aliyafuatilia yote hayo kama mgeni. Akipita Maswa hadi Mwigumbi anaingia Shinyanga, kwa Stand. Akishuka Lamadi, kulia ni njia ya Musoma kwa Biashara United, kushoto ni Mwanza kwa Pamba Jiji. Kila upande kuna jirani aliyewahi kuicheza Ligi Kuu. Mwenyewe hana chake. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, haijapeleka timu Ligi Kuu hata msimu mmoja, na hata kwenye timu 16 za Championship iliyoisha haikuwemo.

Swali linaloulizwa vijiweni ni moja: na sisi lini? Ni swali la haki. Lakini kabla ya kulijibu, tuwaangalie kwanza hao majirani.

Stand ilipanda 2014, ikashuka 2019. Mwadui ilipanda 2015, ikashuka 2021. Mbao ilipanda 2016, Alliance 2018, zote za Mwanza, na zote zikashuka 2020. Gwambina ya Misungwi ilipanda 2020, ikacheza msimu mmoja, kwisha habari. Geita Gold ilipanda 2021, msimu wa kwanza tu ikamaliza ya nne na straika wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Ikacheza hadi Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2024 ikashuka.

Timu zote hizo zilijua kupanda. Kilichozishinda ni kubaki.

Kisa cha Biashara United ndicho kinachouma zaidi. Oktoba 2021 Wanajeshi wa Mpakani waliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 Dar es Salaam kwenye Kombe la Shirikisho. Kilichobaki kilikuwa ni kwenda Libya kulinda ushindi. Hawakwenda. Safari iliwashinda, wakaondolewa mashindanoni bila kupiga mpira, na msimu huo huo wakashuka daraja. Uwanjani walikuwa mbele. Waliangushwa na safari.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo Bariadi. Championship ina mechi 30, maana yake 15 ni za ugenini. Ligi iliyoisha ilikuwa na timu za Songea, Mbeya, Lindi, Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Kutoka Bariadi hadi Songea ni kuikata nchi kutoka kaskazini hadi kusini, kwa basi, na msafara mzima unakula na kulala njiani. Huwezi kumwambia mwenye hoteli asubiri hadi mavuno.

Na hapo kwenye mavuno ndipo penye jambo lenyewe. Simiyu ndiyo kinara wa pamba Tanzania. Fedha ya pamba ikiingia, Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu zinachangamka: bodaboda zinanunuliwa, mabati yanapanda, maduka yanajaa. Ila msimu wa ununuzi hufunguliwa kwenye mwezi Mei, wakati ambao ligi inaisha. Ligi inapokuwa katikati, Desemba hadi Februari, mkulima yuko shambani na mfukoni hana kitu. Timu inahitaji nauli wakati ule ule ambao shabiki wake hana hata kiingilio.

Timu inayotegemea mlangoni kwenye mkoa wa namna hii itaishiwa katikati ya msimu kila mwaka. Haitakuwa kosa la kocha wala mwenyekiti. Kalenda ndiyo itakayokuwa imeifunga.

Wazee wa Kisukuma walilijua hili zamani. Ngoma kubwa za mbina, ambazo Bagika na Bagalu wanashindana kama Simba na Yanga, huchezwa baada ya mavuno. Watu wana nafasi, wana chakula, wana cha kutoa. Hakuna aliyewahi kupanga mashindano ya mbina wakati wa palizi.

Soka haliwezi kuhamisha ligi, lakini klabu inaweza kuhamisha siku ya kukusanya fedha. Kadi za msimu mzima ziuzwe Juni na Julai, mtu akiwa na pesa ya pamba mkononi, na kwa hiari, maana mkulima ameshachoka na makato. Kadi 5,000 za shilingi 20,000 ni shilingi milioni 100. Fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti ya safari tu, isiguswe kwa usajili, na hesabu zake zibandikwe ubaoni kila mtu azione. Halmashauri na wanunuzi wa pamba waje juu ya hapo, wasiwe ndio msingi.

Atakayesema Bariadi ni mji mdogo aitazame Ufaransa. Guingamp ni mji wa watu kama 7,000 tu, lakini timu yake ilitwaa Kombe la Ufaransa mwaka 2009 ikiwa daraja la pili, ikarudia 2014. Didier Drogba alipita hapo kabla ya kuwa Drogba tunayemjua. Wakati huo huo Bordeaux, bingwa wa Ufaransa mara sita na wa mji mkubwa, mwaka 2024 ilianguka hadi daraja la nne kwa sababu ya fedha. Wafaransa wana chombo, DNCG, kinachokagua vitabu vya klabu, na mahesabu yasipokaa sawa wanakushusha hata kama umeshinda mechi.

Na karibu na nyumbani ipo Pamba, TP Lindanda. Ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka 23, nyuma yake ikiwa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na msimu wake wa kwanza imebaki. KenGold iliyopanda nayo ikiwa bingwa imeshuka hapo hapo.

Jina la zao linalolimwa Simiyu linachezwa Kirumba. Shabiki wa Bariadi ana haki ya kulionea wivu. Ila wivu huo uanze kazi mwezi huu, pamba ikiwa mizani, kwa sababu ikifika Januari atakuwa amechelewa.