Simu iliyotumika: mjue mwenyewe kabla ya kukagua kioo

Mombo ni mji wa njia panda. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha husimama hapo abiria wapate chakula, na wanaokwenda Soni na Lushoto hushuka wakapanda gari jingine la kupandisha mlima, kilomita 33 za kona. Viazi, kabichi na karoti za Usambara huteremka kwa barabara hiyohiyo. Hukutana hapo watu wenye fedha mfukoni, wasiojuana, na baada ya robo saa kila mmoja ameshika njia yake. Muuza nyanya hapotezi kitu kwa hali hiyo. Mnunuzi wa simu iliyotumika anaweza kupoteza akiba ya msimu mzima.

Mkulima wa Mlalo au Mtae hanunui simu janja kwa ajili ya fahari. Kwa simu hiyo anaulizia bei ya karoti kabla hajachuma, na kwa simu hiyo hulipwa na mchuuzi aliyeko Dar es Salaam. Mpya inamshinda bei, anatafuta iliyotumika. Uamuzi huo ni wa busara kabisa. Kasoro iko kwenye ukaguzi: anaigeuza simu, anapapasa kioo, anapiga picha moja, anasikiliza spika, kisha anaomba apunguziwe. Kioo kikipasuka fundi atakibadilisha, na betri inanunuliwa. Simu ya wizi, simu yenye deni au simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haina fundi mwaminifu wa kuiponya.

Ukaguzi uanze na IMEI, namba tambulishi ya simu. Ukibonyeza *#06# zinatokea tarakimu 15. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili, na zote zikaguliwe. Namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, jibu linarudi likitaja kampuni iliyotengeneza simu na aina yake. Mkononi kuna Samsung lakini jibu linataja simu nyingine? Namba imechezewa, na biashara iishie hapo. Kama boksi lipo, namba iliyobandikwa juu yake ilinganishwe na ile ya kwenye simu.

Huduma hiyo haikuja hivihivi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilianza kutumia rajisi ya namba tambulishi Desemba 2015, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zikazimwa nchi nzima. Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu 2012. Faida kubwa ya rajisi ni kwamba simu iliyoripotiwa kuibiwa inaweza kufungiwa isishike mtandao wowote nchini.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Simu iliyoibwa asubuhi Korogwe inaweza kupata jibu zuri kabisa kutoka 15090 ikiuzwa Mombo mchana, kwa sababu mwenyewe bado anahangaika kupata RB, namba ya taarifa yake, polisi. Akishaifikisha taarifa kwenye mtandao wake, simu inazimika mikononi mwa mnunuzi aliyekwisha kufika mlimani, na muuzaji hana anwani. Tena kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Aliyenunua kwa bei ya kutupa, bila risiti, kwa mtu asiyemjua jina, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kufuli la akaunti nalo lipewe uzito uleule. Apple waliliweka kwenye iPhone mwaka 2013, na Android ikafuata kuanzia toleo la 5.1 mwaka 2015. Muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi, afute kila kitu, simu iwashwe upya na kuunganishwa na intaneti kabla hata shilingi haijatoka. Ikidai barua pepe au nywila ya mtu wa zamani, irudishwe. Ahadi ya kwamba nywila itatumwa baadaye kwa WhatsApp isikubaliwe.

Hatua hiyohiyo husaidia kufichua simu za mkopo, zile zinazolipiwa kidogokidogo kwa siku au kwa wiki. Mkopeshaji huweka programu inayoifunga simu malipo yakikwama, na mara nyingi kufuta kila kitu hakuiondoi. Simu ikipata intaneti tu, kufuli linarudi. Aliyemaliza deni lake ana uthibitisho. Auoneshe.

Baada ya hayo ndipo mnunuzi aweke laini yake mwenyewe, apige na kupokea, achomeke chaji. Laini ni muhimu hasa kwa simu zilizotoka nje: Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja Desemba 2021 tu, na za kabla ya hapo bado zinazunguka. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# hufungua majaribio ya kioo na spika. iPhone huonesha hali ya betri kwa asilimia; chini ya 80, gharama ya betri mpya ihesabiwe kwenye bei.

Yote haya yanakula kama nusu saa, na abiria mwenye dakika kumi hana nusu saa. Kwa hiyo simu isinunuliwe dirishani mwa basi, hata iwe nzuri namna gani. Wapo watakaosema muuzaji maskini na mwaminifu hana boksi wala risiti. Ni kweli, na hastahili kuitwa mwizi. Lakini anaweza kwenda na mnunuzi kwa fundi anayefahamika, akaonesha kitambulisho na kuandika jina, namba ya simu, IMEI, bei na sahihi. Mafundi na wenye maduka ya simu Mombo waweke daftari la namna hiyo kwa kila simu iliyotumika inayouzwa kwao, na uongozi wa mji uwahimize. Gharama yake ni daftari na kalamu. Na mnunuzi anayesubiri gari la Lushoto amwendee muuzaji ambaye hata kesho atamkuta palepale dukani.