Mawe ya Turkana Sio Chichén Itzá Yetu, Tuwache Hiyo

Kila mwezi wa tatu ni ile ile. Unafungua simu, unapata piramidi ya Chichén Itzá kule Mexico, jua linaelekea kuzama, vivuli vya pembetatu vinajipanga kando ya ngazi mpaka unaona kama nyoka anateremka hadi kwa kichwa cha jiwe pale chini. Manze inabamba, sikatai. Wamaya walijua hesabu: ngazi 91 kila upande, pande nne, ongeza jukwaa la juu, hiyo ni 365. Halafu unashuka kwa komenti unapata Mkenya ameandika, "Na sisi tuko na nini?"

Mimi kijana wa Kiganjo (ya Thika, sio ile ya chuo cha polisi kule Nyeri) nikajifanya ndio niko na jibu. Nikatengeneza video: "Chichén Itzá ya Kenya iliyofichwa na wazungu." Nilikuwa naongelea Namoratunga, zile nguzo 19 za basalti kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol. Nikaweka muziki wa kutisha, nikasema ni kalenda ya nyota, mwisho nikatupia kaswali ka viumbe kutoka sayari nyingine. Ndio video yangu iliyowahi kutazamwa sana. Msee wa Lodwar akaniandikia laini moja tu: "Boss, umewahi kufika hapa?"

Sijawahi. Picha zote nilikuwa nimeokota mtandaoni. Nikaifuta, na doo ya hiyo video ikaenda nayo, kwa hivyo mtu asiniambie naongea kwa sababu haijaniuma.

Niliacha chuo lakini kusoma najua, so nikasoma. Hiyo story ya nyota haikutoka hewani. Mwaka wa 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwa jarida la Science kwamba nguzo zimeelekezwa kwa nyota saba ama makundi ya nyota ambayo Waborana hutumia kwa kalenda yao, ile ya siku 354 inayofuata mwezi. Wakasema mawe yaliwekwa kama mwaka wa 300 kabla ya Kristo. 1982 Robert Soper akatilia shaka vipimo vyao, kwa sababu mawe yenyewe yana usumaku na dira ikikaribia inaweza kudanganya. Baadaye wachimbaji wakaonyesha kwamba nguzo za aina hii kuzunguka Ziwa Turkana ni za zamani zaidi, kitu kama miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Ukishapiga nyota hesabu ya mwaka ambao sio wenyewe, hiyo hesabu imebaki na nini?

Hapo ndipo wasee wa content huzima simu. Kama sio kalenda, haina views. Na hapo ndipo mnanikasirisha, kwa sababu mnaacha kitu kikubwa zaidi.

Mahali pamechimbwa sana ni Lothagam Kaskazini, hapo hapo magharibi ya ziwa, na matokeo yalitoka 2018. Wafugaji wa kwanza wa hiyo sehemu, wakati mvua ilikuwa inapungua na ziwa linarudi nyuma, walijenga jukwaa la mviringo la upana wa kama mita 30. Katikati shimo la kuzika. Ndani kuna watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, wote pamoja, na karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na vitu kama hivyo. Hakuna kaburi la mkubwa na kaburi la mnyonge. Walipojaza, wakafunika kwa mawe na kusimamisha nguzo, zingine zimebebwa karibu kilomita nzima. Bila mfalme wa kuwachapa. Piramidi gani ya kifalme inakuambia hivyo?

Sasa wewe unakuja na ringi laiti yako unasema ni viumbe wa angani. Unajua hiyo ni ile story ya mkoloni tu, ati Mwafrika hangeweza, umeivalisha tu hudi mpya? Na "imefichwa na wazungu" pia ni uvivu. Iko kando ya barabara! Waturuka... sorry, Waturkana wanapita hapo wakiweka kajiwe juu ya nguzo, na wako na hadithi yao ya watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Hawajawahi kuficha. Ni sisi hatukuuliza.

Na kama shida yako ni mwanga na vivuli, hiyo hata hauhitaji nauli ya Lodwar. Sisi Thika tuko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta. Kila mwaka, kama tarehe 18 mwezi wa tatu na tena kama 25 mwezi wa tisa, jua linapita juu kabisa ya kichwa. Mwezi wa tisa ni kama saa sita na dakika ishirini hivi mchana. Simamisha chupa ya soda kwa lami iliyonyooka, uangalie kivuli kikiingia chini yake mpaka kiishe.

Mimi nitakuwa nje ya geti na chupa yangu. Lodwar nimeanza kuchanga nauli, na yule msee amesema atanipeleka. Kamera amesema niulize kwanza.